Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu vyakula vya kiwandani na vya sokoni

Mimi napika chakula cha mchana Tabata, nafunga kwenye kontena, saa tano boda anaondoka navyo kwenda Posta na Kariakoo. Kuna kipindi niliandika kwenye mfuniko "hakuna kitu cha pakiti humu", nikajiona mjanja kweli, kumbe nimejiletea kesi. Wiki ya kwanza tu dada mmoja akaniuliza, chumvi unaitoa wapi, unachota baharini? Na mafuta je, unakamua mwenyewe? Nikacheka ila alikuwa na pointi. Maneno nikayafuta, maswali yakabaki, na kwa vile yanarudi yaleyale kila siku nimeona niyajibu hapa. Mimi sio daktari, nimesoma, nimeuliza na nimepika sana, basi.

Kwani chakula kilichosindikwa ni kipi hasa?

Ukitaka ukweli karibu vyote. Mchele umekobolewa, dagaa wameanikwa, mtindi umegandishwa, unga umesagwa, hata nazi ukishaikuna na kuikamua tui umeshaisindika hapo jikoni kwako. Ndo maana neno "kusindika" peke yake halikusaidii kitu ukiwa umesimama dukani kwa Mangi unajiuliza ununue nini.

Mgawanyo ninaoutumia mimi unaitwa Nova, ulitoka kwa profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo huko Brazil mwaka 2009, na una makundi manne. La kwanza ni vitu vyenyewe kama vilivyo au vilivyoguswa kidogo, yani mihogo, mayai, maharage, samaki wa Feri, mchicha, maziwa freshi. La pili ni vile vya kupikia, chumvi, sukari, mafuta. La tatu ni ukichanganya hayo mawili kwa njia ya kawaida, mfano samaki wa chumvi, jibini, mkate wa kawaida wa unga, maji, hamira na chumvi. La nne ndo lenye kelele, vile vilivyosindikwa kupita kiasi, vinatengenezwa kiwandani kwa vipande vya vyakula (wanga, mafuta, protini iliyochujwa) alafu vinawekwa rangi, ladha, vitamu na vitu vya kushikiza ambavyo wewe nyumbani huna. Soda, soseji, nagetsi, tambi za dakika mbili, krispi za watoto, biskuti nyingi, enaji drinki, juisi za unga.

Kuna wataalamu wanaulalamikia huu mgawanyo wanasema kundi la nne ni pana mno, mkate wa slesi unakaa kapu moja na soda, na mimi naona wana haki. Mkate na soda sio ndugu. Ila kwa kuanzia unatosha.

Ubaya wa hilo kundi la nne uko wapi, si chakula tu?

Hili swali ndo zuri kuliko yote. Kwa miaka mingi watu walisema ubaya ni sukari, mafuta na chumvi tu, basi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani wakatoa majibu ya jaribio lao, waliwaweka watu 20 ndani mwezi mzima, wiki mbili wanakula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili vyakula vya kawaida, na milo waliyopangiwa ililinganishwa nguvu, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, alafu wakaambiwa kila mtu ale mpaka atosheke. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, kwenye vile vya kawaida wakapungua kiasi hichohicho. Kalori 500 ni kama chapati mbili za mafuta, kila siku, na hawakujua kama wamezila.

Moja ya vitu walivyoona ni kwamba walikuwa wanakula haraka zaidi. Na hii huhitaji maabara. Chukua muhogo wa kuchemsha na pakiti ya krispi, uone kipi kinaisha kwanza. Muhogo unautafuna, unakunywa chai, unapumzika, tumbo linakwambia inatosha. Krispi unashtukia umeingiza mkono unagusa karatasi. Watu 20 ni wachache na mwezi ni mfupi, sawa, ila mimi nilivyosoma ile habari nikaacha kujilaumu kuwa sina nidhamu.

Chipsi mayai ni viazi na mayai tu, kwaiyo ni chakula asilia?

Hahaha. Kwa kitabu cha Nova chipsi za kibandani haziko kundi la nne kweli, viazi vimemenywa pale unaona, mayai yamepasuliwa mbele yako. Ungeweza kuishinda kesi mahakamani.

Shida iko kwenye karai. Yale mafuta yamekaanga tangu asubuhi na pengine tangu juzi, yameshakuwa meusi yanatoa povu, na mafuta yakichomwa mara nyingi yanavunjika yanazaa vitu visivyofaa mwilini, na viazi vinanyonya. Juu yake unamwagiwa tomato ambayo ukisoma chupa yake nyanya ni ya kutafuta na tochi, maji, sukari, wanga na rangi ndo vimetangulia, alafu chumvi ya mkono usiopima, na pembeni soda. Kachumbari wanakuwekea vijiko viwili kama dawa.

Sisemi usile, Dar bila zege, yani hiyo chipsi mayai, itakuwa Dar gani. Nasema angalia rangi ya mafuta kabla hujaagiza, omba kachumbari nyingi (wanatoa, wewe omba tu), tomato ikae pembeni, na iwe siku moja moja isiwe chakula cha kila usiku kwa sababu umefika Mbagala saa tatu umechoka. Hilo la kuchoka nalijibu huko chini.

Dona au sembe?

Dona, ila ngoja nimalizie.

Dona mahindi yanasagwa yote pamoja na pumba na kiini. Sembe yanakobolewa kwanza, nyuzinyuzi na vitamini B nyingi vinaondoka na pumba vinaenda kulisha kuku na ng'ombe, wewe unabaki na wanga mweupe mzuri wa kupiga picha. Kwaiyo dona inashibisha zaidi na haipandishi sukari haraka kiasi hicho.

Sasa kile ambacho watu wa dona hawapendi kukisema. Sumukuvu, ile sumu ya fangasi wa mahindi na karanga, inakaa zaidi kwenye pumba na kiini. Mahindi yakiwa mabaya, kukoboa kunaipunguza, dona unaila yote. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, sio hadithi za kutishana. Na kupika hakuiondoi, ugali hata uusonge saa nzima. Kwaiyo dona nzuri inaanzia kwenye mahindi, nunua mahindi makavu, mwaga kwenye ungo chambua yaliyooza, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa, peleka mashine mwenyewe. Kama hujui mahindi yametoka wapi na unga unauzwa wazi kwenye gunia lililolala kwenye unyevu, bora sembe safi kuliko dona ya mashaka.

Alafu usinunue nyingi. Mimi nilijifanya mjanja nikasaga kilo 25 wakati wa masika, wiki ya tatu unga unanuka na ugali mchungu, mume wangu akawa anakula kimyakimya kwa adabu. Kiini kina mafuta, kwa joto la hapa mafuta yanachacha. Saga ya wiki moja au mbili, basi.

Chumvi ya mawe na ile ya pinki si ni asilia zaidi ya hii ya pakiti?

Asilia ndio, ila hapa kiwanda kimekusaidia. Chumvi ya pakiti inawekwa madini joto kwa sheria, na ndo imepunguza sana tezi la shingo ambalo bibi zetu wa mikoani walilijua vizuri. Mjamzito akikosa madini joto anayeumia ni akili ya mtoto. Ile ya pinki unalipia rangi. Unga wa ngano nao unaongezwa madini ya chuma na foliki asidi, mafuta ya kula vitamini A. Kwaiyo mkisema kila cha kiwandani sumu mimi hapo tunaachana.

Kiasi cha chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, Shirika la Afya Duniani (WHO) ndo linavosema, ni kama kijiko cha chai kimoja kwa mtu, na hapo humo kuna ya mkate, ya dagaa na ya kile kimche cha mchuzi, kale kamchemraba ka pakiti ka kutia ladha.

Nacho kimche cha mchuzi vipi?

Sehemu kubwa yake ni chumvi. Ukikitumia usitie chumvi nyingine. Mimi nilikiacha baada ya kugundua vitunguu vikikaangwa taratibu mpaka vikawa vya dhahabu, na tangawizi na kitunguu saumu, mchuzi haukidai.

Juisi ya boksi na juisi freshi ya miwa, tofauti ipo?

Ipo ila ndogo kuliko unavotaka niseme. Chukua soda iwe kipimo, za kola zina karibu gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwaiyo chupa ya 350 inafika vijiko vya chai kama 9. WHO wanasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku na ikishuka nusu ya hapo, kama gramu 25, ndo bora zaidi. Chupa moja umeshapita. Na WHO hiyo sukari ya kwenye juisi, hata uliyokamua mwenyewe, wanaihesabu humohumo. Juisi ya miwa ni sukari na maji yenye limao na tangawizi, tamu balaa nakubali.

Chungwa lile kwa kumenya kama wanavomenyewa watu stendi. Glasi moja ya juisi ni machungwa matatu manne, nani anakaa anakula machungwa manne mfululizo? Ukwaju na ubuyu ukivitengeneza nyumbani unaamua sukari mwenyewe, shida tunaamua vibaya.

Mtoto wangu bila soseji hali, shule nimfungie nini?

Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2015 liliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Watu wakasema basi ni sawa na sigara. Sio hivo, kundi linaonyesha ushahidi una uhakika kiasi gani, halisemi hatari ni kubwa sawa. Kwa gramu 50 kila siku hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kama asilimia 18. Soseji moja Jumamosi haimuui mtoto, ya kila asubuhi miaka kumi ndo ya kufikiria.

Wangu nilimtoa taratibu, yai la kuchemsha na kiazi kitamu, siku nyingine chapati niliyoviringishia maharage yaliyopondwa, siku nyingine samaki wa kukaanga aliyebaki jana. Wiki ya kwanza kontena lilirudi limejaa. Wiki ya pili nusu. Usiongee sana, we funga tu.

Kuku wa kisasa wanachomwa homoni?

Kukua kwao wiki tano sita kunatokana na mbegu na chakula, kuku wale wamechaguliwa vizazi na vizazi wakue haraka. Cha kuogopa zaidi ni mfugaji anayewapa antibayotiki alafu anauza kabla siku za dawa kuisha hazijafika. Ukiwa na mfugaji unayemjua mshike. Kuku wa kisasa aliyechemshwa nyumbani bado ni chakula cha kundi la kwanza, nagetsi zake ni kitu kingine.

Unga wa lishe wa vitu kumi na mbili ni mzuri kwa mtoto?

Kuchanganya vitu vingi sio lishe. Kila nafaka inaiva muda wake, soya haijaiva mahindi yameshaiva, mtoto anaharisha mnasema meno. Na karanga mbaya moja kwenye mchanganyiko sumukuvu imeingia kote. Unga wa aina moja au mbili, uive vizuri, alafu ongeza maziwa au yai au dagaa waliosagwa baada ya hapo. Na chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana.

Kwenye pakiti nisome nini, maandishi yenyewe kama sisimizi?

Soma viambato, usisome mbele. Mbele ni matangazo. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwaiyo juisi ya embe ikianza maji, sukari, alafu ndo embe, umeshajua umenunua nini. Sukari ina majina mengi, glukosi, dekstrosi, sirapu, maltodekstrini nayo binamu yake. Ukiona sodiamu zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi. Mafuta "yaliyogandishwa kiasi", yani ya haidrojeni nusu, rudisha shelfu, hayo ndo yenye mafuta ya transi, yale mabaya kwa moyo, ambayo WHO tangu 2018 wanataka yafutwe duniani.

Namba zenye herufi E zisikutishe zote, E300 ni vitamini C. Na mkate wa brauni wakati mwingine ni rangi tu, tafuta kama unga wa ngano nzima umetajwa wa kwanza.

Mboga za majani za sokoni si ndo salama kabisa?

Inategemea zimemwagiliwa nini. Wachunguzi walishakuta metali nzito kama risasi kwenye mboga zilizolimwa kando ya mto Msimbazi, na kuosha hakutoi kilichopita kwenye mizizi. Muulize muuzaji anatoa wapi, wengine wanakwambia ukweli. Mimi matembele napanda kwenye ndoo na viroba nyuma ya nyumba, hayana shida, yanaota yenyewe hadi yanakera.

Na "asilia" sio neno la usalama. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, unalowekwa na kuanikwa ndo uliwe, huo ni usindikaji na wazee waliujua kabla ya kiwanda chochote.

Yote sawa, ila sina muda. Natoka kazini saa kumi na moja nafika saa mbili.

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo wanaotoa ushauri wa afya wananiudhi, maana wanaongea kama kila mtu ana dada wa kazi na saa nne za kusimama jikoni. Tambi za dakika mbili hazikushinda maharage kwa utamu. Zimeyashinda kwa mkaa na muda. Maharage saa mbili jikoni, mkaa bei yake unaijua, gesi nayo inaisha katikati ya mwezi. Kwaiyo ukitaka kula vizuri Dar tatizo la kutatua ni muda, ladha inakuja baadae.

Kitu ambacho watu hawakioni ni kwamba mtaani kwetu kuna viwanda tayari, vya kina mama. Kuna anayeuza maharage yaliyochemshwa tayari kwa bakuli jioni, kisamvu kilichotwangwa, nazi iliyokunwa, mchicha uliochambuliwa na kukatwa, njegere zilizomenywa. Huo wote ni usindikaji, ila hajaweka rangi wala hajaondoa kitu. Nunua hapo. Muangalie usafi wake tu, maji anayotumia, anafunika au nzi wanakula kwanza. Na maharage ukifika nayo yachemshe tena mpaka yatokote.

Wenye friza: loweka maharage usiku, mwaga yale maji, chemsha sufuria kubwa siku moja kwa wiki, yakipoa gawa kwenye vimfuko vya mlo mmoja mmoja. Presha kuka kama unayo inalipa gharama yake yenyewe kwa mkaa unaookoa. Magadi usiyatie, yanalainisha kweli ila yanaua vitamini B1 na yanaongeza sodiamu. Umeme ukikatika usifungue fungue friza kuangalia kama vimeyeyuka, ndo unaviyeyusha.

Wasio na friji: choroko, haziitaji kulowekwa, nusu saa hadi dakika 45 zimeiva. Dagaa wakavu waoshe mchanga kwa maji ya moto, kitunguu, nyanya, limao, dakika 15 umekula, na wana kalsiamu maana unakula na mifupa. Yai. Parachichi msimu wake. Ndizi mbivu na karanga safi ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi, badala ya biskuti.

Na kuna siku utakula tambi za pakiti. Vunjia yai humo, tia mchicha, pakiti ya ladha weka nusu. Umeshaziokoa kiasi.

Nina kisukari na presha, nifuate haya?

Fuata ya daktari wako. Usibadilishe dawa kwa sababu umeanza dona, nawaomba sana, nina mteja alifanya hivo akaishia kulazwa.

Jumapili unapika?

Hapana, Jumapili nachemsha maharage.